Sura ya Tano: Baiskeli Yenye Mota Mbele ya Sheria

Sheria za barabarani katika nchi nyingi ziliandikwa na watu waliowajua wasafiri wa namna mbili tu, mmoja aendaye kwa nguvu za maungo yake na mwingine achukuliwaye na mashine. Na kila chombo kilichojitia baina ya hao wawili kimewataabisha mahakimu, makarani wa usajili na askari wa njiani tangu siku kilipozuka. Baiskeli iliyotiwa mota imewataabisha kupita vyote, kwani tabia yake haikai mahali pamoja: asubuhi mwenyewe akizikanyaga pedeli ni baiskeli, adhuhuri akiiwasha ni pikipiki, na jioni mafuta yakimwishia njiani hurejea kuwa baiskeli, tena nzito na yenye kumtoa mtu jasho kuliko zote. Nimechagua kuieleza habari yake kama ilivyokuwa Uingereza. Sidhani kwamba Waingereza wamepata jawabu lililo bora kuliko la wengine. Lakini wamelihangaikia swali hili kwa muda mrefu na kwa maandishi mengi, na kibao cha herufi L nyekundu, bima ya lazima ya kumlinda mtu mwingine, na ile hati ya chombo ambayo watu wa Kenya huiita logibuku, vyote vilitufikia Afrika Mashariki kutoka katika sheria hizo hizo.

Sheria ya Magari ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, iliamuru kila chombo cha mota kiandikwe katika daftari la baraza la jimbo na kivae namba. Ada ya kuandikisha gari ilikuwa shilingi 20 na ya pikipiki shilingi 5; leseni ya dereva ilikuwa shilingi 5 vilevile, na kijana wa miaka 14 aliweza kupanda pikipiki kwa halali. Mtihani haukuwapo, aliyekuwa na shilingi tano alikuwa dereva. Mambo yalikazwa kidogo kidogo: hati ya chombo ilianza kutolewa mwaka 1921, sheria ya mwaka 1930 ikafaradhisha bima na kuupandisha umri wa mpanda pikipiki hadi miaka 16, na mwaka 1935 mtihani wa udereva ukawa lazima kwa madereva wapya. Katika sheria zote hizo mwenye mota ndogo hakutengewa mlango wake.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Ulaya ilikuwa na watu wengi wa kwenda kazini na petroli haba ya kuwapeleka. Huko Uingereza mafuta yaligawiwa kwa kibali hadi Mei 1950. Baiskeli, walakini, zilikuwamo takriban katika kila nyumba, na mafundi wakaona kwamba kuliko kumwuzia mtu wa kipato kidogo chombo kizima ni afadhali kumwuzia mota peke yake, aifunge katika baiskeli aliyo nayo. Nchini Japani, mwaka 1946, Soichiro Honda alijipatia injini ndogo zilizosalia jeshini, zilizokuwa zikitia umeme mitambo ya simu ya upepo, akazifunga katika baiskeli mjini Hamamatsu. Na kampuni iliyotoka katika karakana hiyo haina haja ya kutambulishwa kwa msomaji yeyote wa pwani yetu. Mwaka huo huo Wafaransa walianza kuuziwa VéloSolex, ambayo mota yake ilikaa juu ya gurudumu la mbele: dereva aliiteremsha kwa wenzo hata kigurudumu chake kigumu kikaligusa tairi na kulizungusha kwa msuguano tu, pasipo mnyororo wala gia. Ulikuwa ubunifu wa ajabu kwa urahisi wake, illa siku ya mvua kigurudumu kiliteleza juu ya mpira uliolowa, na bwana akawa hana budi kupiga pedeli.

Uingereza nayo, mwaka 1950, ikatoa Cyclemaster. Kilitengenezwa katika kiwanda cha EMI huko Hayes, magharibi ya London, kampuni ambayo watu waliijua zaidi kwa sahani za santuri. Mnunuzi alilifungua gurudumu la nyuma la baiskeli yake akaliweka kando, akatia mahali pake jingine lililokuja na kila kitu tumboni mwake: mota ya sentimeta za ujazo 25.7, ambayo baadaye ilipanuliwa ikawa 32, klachi, minyororo midogo, na tangi la mafuta, vyote vikiwa vimekusanywa katika kasha la duara katikati ya spoku. Fundi wa mtaani aliweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja, na baiskeli ikatoka dukani na sura ile ile iliyoingia nayo, isipokuwa uvimbe wa nyuma na moshi.

Hapo ndipo njia za mataifa mawili zilipoachana. Mfaransa aliyenunua Solex hakutakiwa kuwa na leseni wala namba, na vyombo vyepesi vya aina hiyo havikuanza kuandikishwa kwao mpaka mwaka 2004. Mwingereza hakuonewa huruma hata kidogo. Karani hakuuliza mota ina ukubwa gani wala baiskeli ina uzito gani. Aliuliza kama kuna mota. Ikiwa ipo, mwenyewe alipaswa kuiandikisha, kulipa ushuru wa mwaka, kukata bima, kuwa na leseni, kubandika herufi L mpaka afaulu mtihani, na kutia namba nyuma na mbele, sawasawa na mwenzake mwenye pikipiki kubwa iliyoweza kumpeleka hadi Scotland bila kupumzika. Kibao cha namba cha mbele kilikatwa kwa upinde kufuata umbo la madigadi, kikasimama juu yake kwa urefu, makali yakielekea njiani kama upanga. Na desturi hiyo ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka 1975.

Wenye vyombo wakaanza kubishana na polisi juu ya swali ambalo mtoto wa shule angeliuliza mara moja: ikiwa mota haikuwashwa, je, kinachokwenda njiani ni baiskeli au si baiskeli? Kesi mbili za jambo hilo zilifika mbele ya majaji wakuu, moja mwaka 1952 na nyingine mwaka 1953, nazo zastahili kusomwa pamoja. Katika ile ya kwanza, mshtakiwa alikutwa akipanda bila ya bima. Lakini mota yake ilikuwa imefunguliwa, silinda imetolewa, na pistoni pamoja na mkono wake havimo, hata kilichobaki katika fremu hakikuweza kumsukuma mtu wala kumsumbua jirani. Majaji wakasema kwamba hiyo, kwa saa ile, ni baiskeli, na bima haikumpasa. Katika ile ya pili mota ilikuwa nzima na imekaa mahali pake, illa haikuwashwa, na mpandaji alikuwa akikanyaga pedeli kama mtu mwingine yeyote. Majaji wakasema kwamba hicho ni chombo cha mota, hata kama safari yote imefanywa kwa miguu.

Wako waliozicheka hukumu hizo, wakisema kwamba mtu mmoja, kwa kazi ile ile ya kukanyaga, alisamehewa na mwenziwe akatiwa hatiani. Mimi naziona zina busara kuliko sheria nyingi zilizozifuata. Nia ya mtu aliyekaa juu ya tandiko haiwezi kupimwa na askari aliyesimama njia panda, chuma kinaweza. Mota iliyo nzima huweza kuwashwa mara tu askari akipotea machoni, ilhali iliyokosa pistoni haina hila hiyo, na raia aliyetaka kusalimika na leseni alikuwa na njia iliyo wazi, nayo ni kuiacha pistoni nyumbani.

Miaka ishirini baadaye sheria ilichagua alama nyingine, na matokeo yake hayakuwa na busara hata chembe. Vijana wengi walikuwa wakiumia kwa pikipiki, na John Peyton, waziri aliyekuwa na dhamana ya uchukuzi, akaamua kwamba tangu Desemba 1971 mtu wa miaka 16 asipande pikipiki hadi atimize 17. Aliachiwa mopedi tu, yaani chombo chenye mota isiyozidi sentimeta za ujazo 50 na chenye pedeli ziwezazo kukiendesha. Asaa waandishi wa kanuni hiyo walikuwa wakimfikiri mama wa kijijini aendaye sokoni na kikapu chake kwa mwendo wa taratibu. Lakini hawakuuandika mwendo. Waliandika pedeli, na viwanda vya Japani na Italia vikasoma walichoandika.

Mwaka 1973 Yamaha ilileta Uingereza chombo kilichoitwa FS1-E. Kwa sura kilikuwa pikipiki kamili ya ujana: tangi lililochongoka, tandiko refu, gia nne za kubadilisha kwa mguu, na mwendo uliofika maili 45 kwa saa na pengine kuzidi. Na kilikuwa na pedeli. Mikono yake iliundwa kwa ustadi ambao sijui kama niusifu au niulaumu: mmoja uliweza kuzungushwa nusu duara hata ukaelekea mbele sambamba na mwenzake, kisha ukafungwa papo hapo, na yote miwili ikageuka kuwa mahali pa kutulizia miguu, kama ilivyo katika pikipiki yoyote. Askari akitaka ushahidi, kijana aliufungua mkono ule, akaunganisha mnyororo wa pedeli, akakisukuma chombo chake hatua chache kwa taabu kubwa, na sheria ikaridhika. Suzuki ikafuata na AP50, Honda na SS50, Fantic ya Italia na yake, kila moja ikiwa na pedeli ambazo mnunuzi hakukusudia kuzitumia hata siku moja. Kanuni iliyotungwa ili kuwaondoa watoto katika mashine za mbio ikawatengenezea mashine za mbio zilizopimwa kwa umri wao.

Serikali ilichukua zaidi ya miaka mitano kuliona kosa hilo. Tangu tarehe 1 Agosti 1977 mopedi ikaelezwa kwa mwendo wake, usiozidi maili 30 kwa saa, na habari ya pedeli ikafutwa. Vyombo vilivyotangulia tarehe hiyo viliachwa katika hukumu ya zamani, hata leo mwenye kutunza FS1-E ya mwaka 1975, akitaka ihesabiwe kuwa mopedi na si pikipiki, hana ruhusa ya kuzitupa pedeli zake.

Kofia ngumu ilifaradhishwa kwa wapanda pikipiki wa Uingereza tarehe 1 Juni 1973, na ingawa habari yake iko kando kidogo ya sura hii, siwezi kuipita. Masingasinga, ambao pwani yetu inawafahamu tangu siku za ujenzi wa reli ya Uganda, walikataa kuvua vilemba vyao, na bunge likawapa ruhusa mahsusi mwaka 1976. Fred Hill, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hakuwa Singasinga wala hakutaka kuambiwa avae nini kichwani, aliendelea kupanda bila ya kofia hiyo, akafungwa mara nyingi, na mwaka 1984 akafariki akiwa mfungwa wa gereza la Pentonville.

Umeme ulipokuja, watunga sheria walikuwa wameonja uchungu wa pedeli, na safari hii walipima mambo kadhaa kwa pamoja. Kanuni za mwaka 1983 zilisema kwamba baiskeli iliyosaidiwa na mota ya umeme isiyozidi wati 200, au wati 250 ikiwa ni ya magurudumu matatu, ambayo mota yake huacha kusukuma ikifika maili 15 kwa saa, na ambayo ina pedeli za kufanya kazi kweli, itahesabiwa kuwa baiskeli tu: hakuna namba, hakuna ushuru, hakuna bima, hakuna leseni, bali mpandaji awe ametimiza miaka 14. Sir Clive Sinclair, aliyekuwa ameshajitajirisha kwa kompyuta ndogo za nyumbani, akakitengeneza chombo kilichokaa ndani ya mipaka hiyo barabara. Kiliitwa C5, kikatangazwa tarehe 10 Januari 1985 kwa bei ya pauni 399, nacho kilikuwa na magurudumu matatu, mwili wa plastiki nyeupe, mota ya wati 250, na usukani uliokaa chini ya mapaja ya mpandaji. Kisheria kilikuwa salama kabisa. Illa mpandaji alikaa chini mno hata macho yake yakalingana na magurudumu ya malori, na kuzinduliwa katika baridi ya Januari hakukuwasaidia wauzaji. Katika vyombo 14,000 hivi vilivyoundwa, 5,000 tu ndivyo vilivyouzwa kabla ya kampuni kuanguka mwaka huo huo. Sijaona mfano bora wa chombo kilichoipendeza sheria na kuwachukiza wanunuzi.

Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 2015 ili zilingane na za Ulaya: wati 250 kwa wote, na mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ambao ni maili 15 na nusu. Tangu mwaka uliofuata, chombo kipya ambacho mtu hukiendesha kwa kuzungusha mkono wa usukani pasipo kukanyaga, mwendo ukipita kilomita 6 kwa saa, hutakiwa kiwe na idhini ya kiufundi kwanza. Lakini marekebisho hayo hayakufika Ireland Kaskazini, ambako sheria ya barabara hutungwa peke yake, na huko baiskeli ya umeme iliendelea kuhesabiwa kuwa mopedi. Mtu aliyeondoka katika bandari ya Cairnryan, Scotland, akiwa mwendesha baiskeli asiyedaiwa chochote, aliteremka Belfast saa chache baadaye akiwa na chombo kisichoandikishwa, kisicho na bima, na pengine yeye mwenyewe hana leseni. Ajabu hiyo ilidumu mpaka Mei 2020.

Sasa nije kwa yule ambaye, licha ya hayo yote, amejinunulia mota ya petroli ya kufunga katika fremu, kama babu zake walivyofanya mwaka 1950, na anataka kupanda kwa halali. Jambo la kwanza alijue ni kwamba mlango wa wati 250 haumhusu. Mota ya petroli, iwe ndogo namna gani, hukifanya chombo kuwa cha mota, na hakuna kipimo ambacho chini yake husamehewa. Chombo kilichotoka kiwandani na idhini ya aina yake huandikishwa kwa wepesi. Chombo alichokifunga mtu uani kwake hakina idhini hiyo, na ni sharti kipelekwe kwa mkaguzi wa serikali, ambaye hutazama breki, taa, kioo, kelele za ekzosi, na kila pembe inayoweza kumjeruhi mpita njia. Nisimfiche msomaji: hapa ndipo safari za wengi hukomea. Breki za baiskeli zilifanywa kwa ajili ya baiskeli, na fremu nyembamba iliyotobolewa ili kupitisha boliti za mota haimpendezi mkaguzi.

Akifaulu, hupewa cheti, nacho hutiwa pamoja na fomu ya maombi, ya aina moja kwa chombo kipya na nyingine kwa kilichokwisha kutumika, pamoja na ada ya pauni 55, kwenda Swansea, Wales, yaliko makao ya madaftari ya vyombo na madereva. Jibu likiwa jema, hurudi na hati ya chombo na namba, ambayo siku hizi huvaliwa nyuma peke yake, herufi nyeusi juu ya manjano. Ushuru wa mwaka hulipwa, bima hukatwa, na chombo kikitimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka.

Baada ya chombo hufuata mtu. Kijana wa miaka 16 huomba leseni ya muda, kisha huhudhuria mafunzo ya lazima yaliyoanzishwa Desemba 1990: hutazamwa macho yake, hueleweshwa chombo, huzungushwa katika uwanja usio na magari, na mwishowe huongozwa barabarani na mwalimu kwa muda usiopungua saa mbili. Cheti anachopata humfaa kwa miaka miwili, akiwa na herufi L mbele na nyuma, au D akipenda huko Wales, ambako ndiyo herufi ya mwanafunzi kwa lugha yao. Hapakizi mtu, na barabara kuu za magari yaendayo kasi ni haramu kwake. Aliyefaulu mtihani wa gari kabla ya tarehe 1 Februari 2001 amesamehewa mafunzo na herufi vyote viwili, fadhila ambayo wazee wengi wanayo pasipo kujua. Njia zilizotengwa kwa ajili ya baiskeli si zake mwenye mota ya petroli, hata akiizima. Na hapo msomaji ataona kwamba hukumu ya mwaka 1953 ingali hai.

Anayepuuza haya yote aghalabu hukamatwa kwa sababu ya mlio, kwani mota ndogo ya mizunguko miwili husikika mtaa wa tatu kabla ya kuonekana. Kosa la kupanda bila ya leseni au bila ya bima humpa askari mamlaka ya kukichukua chombo papo hapo na kukipeleka katika uwanja wa serikali, ambako malipo ya kukihifadhi huongezeka kila siku. Mwenyewe akitaka kukikomboa hulipa gharama hizo kwanza, kisha huonyesha leseni na bima. Na kwa kuwa chombo hakikuandikishwa, bima ni vigumu kuipata, nacho muda ukipita huuzwa au hupondwa.